Barua ya wazi kwa wakubwa wa Bukavu na wa Kinshasa: matumbawe ya bahari na kando ya ziwa letu

Waheshimiwa, baba zetu na mama zetu wenye kusimamia jimbo, meri, komini, mazingira, uvuvi, na nyie wa Kinshasa pia,

Sijaandika jina la mtu juu ya bahasha, ju hapa kwetu mwenye kiti anabadilika na sisi hatuulizwi, leo ni huyu kesho ni mwingine, lakini ziwa Kivu liko palepale na sisi wenye kula kwake tuko palepale. Kwa hiyo barua ni ya kila mtu mwenye muhuri, wa sasa na wa mbele. Mimi ni mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nanunua asubuhi bichi, pale mitumbwi inapofikia, nauza sokoni, sina cheo.

Nawaandikia juu ya matumbawe. Ndiyo, matumbawe ya baharini, najua Bukavu haina bahari, tuko kwa kimo cha mita 1,460 hivi. Lakini nyie njo mlianza. Siku ya Bahari Duniani, ile ya tarehe 8 Juni, tuliitwa semina kwenye hoteli moja ya hapa yenye balkoni ya kuangalia ziwa, sisi mama wa sambaza na vijana wa uvuvi, kila mtu akapewa tisheti na chupa ya maji ya plastiki, tukaonyeshwa mapicha ya samaki wa rangi rangi wa Zanzibar na Seychelles, mkubwa mmoja akasimama akasema tulinde miamba ya matumbawe ju ya watoto wetu, tukapiga makofi. Chini ya balkoni ukuta wa hoteli umeingia ndani ya maji, na kuna bomba inatoka jikoni inamwaga hapohapo.

Wenzangu walicheka njia yote ya kurudi. Mimi nilibaki na swali, nikaanza kusoma kwa simu usiku, nikamsumbua na shemeji yangu mwenye kufanya kazi Unguja mpaka akachoka na mavoisi yangu. Na nilichokuta ni kwamba semina haikukosea kutuletea matumbawe. Ilikosea kutuletea picha tu, ikaacha ile sehemu inayotuhusu.

Ngoja niseme kwanza tumbawe ni nini, manake hatukuelezwa. Linaonekana jiwe ama kichaka lakini ni mnyama, wanyama wadogo elfu na elfu wanaishi pamoja, kila mmoja anajijengea kikombe cha chokaa cha kukalia, na ndani ya mwili wake amepangisha mmea mdogo sana usioonekana kwa macho. Mmea unachukua mwanga wa jua unatengeneza chakula, unamlipa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula hicho, mwenye nyumba anampa makao, na sehemu kubwa ya rangi ya tumbawe inatoka kwa huyo mpangaji. Sasa maji yakipanda joto digrii moja tu kupita kiwango cha juu cha kawaida, na ikae hivyo wiki kadhaa, mkataba unavunjika, mpangaji anafukuzwa, tumbawe linabaki jeupe pe. Linakuwa bado hai lakini lina njaa. Joto likishuka mapema linaweza kupona, lisiposhuka linakufa, majani ya bahari yanaota juu yake na mambo yameisha.

Miamba hii haifikii hata asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe vya baharini zinaitegemea kwa kuzaa, kujificha ama kula. Kwa watu wa visiwa ni kinga pia, mawimbi makubwa yanavunjikia kule nje kabla hayajafika kwa nyumba zao.

Mambo ya joto nayapita haraka ju nyie mnayajua kuliko mimi, mnaendaga kwa mikutano yake. 1998 bahari ya Hindi ilipata joto mpaka visiwa vya ndani vya Seychelles vikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe yao hai. Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba weupe huo umeshika tena dunia nzima, mara ya nne sasa. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika toka 2018 kwamba joto la dunia likipanda digrii 1.5 kupita lilivyokuwa kabla ya viwanda matumbawe yatapungua asilimia 70 mpaka 90, ikifika digrii 2 ni zaidi ya asilimia 99, yaani basi tena. Mtu akisoma hayo anasema sasa mama wa Bukavu atafanya nini, tumwachie Mungu. Na nyie pia naona hapo njo mnapenda kusimama, ju pale hakuna mtu wa hapa wa kuulizwa.

Lakini mkaangalie kilichofuata Seychelles. Watafiti walikuwa wanafuata miamba 21, walianza 1994 kabla ya lile joto, kwa hiyo walijua ilivyokuwa. Walipotoa hesabu yao 2015, miamba 12 ilikuwa imerudi hai na 9 ilikuwa imegeuka shamba la majani ya bahari. Joto lilikuwa lilelile, mwaka uleule. Iliyorudi ni ile ya maji ya kina zaidi, yenye mawe na mashimo mengi ya kujificha, yenye samaki wala majani wa kutosha kama pono, na mahali ambapo uchafu wa kurutubisha majani ulikuwa kidogo. Kina cha maji ni cha Mungu. Lakini samaki wabaki ama wamalizwe, mwamba ubaki mzima ama uvunjwe, uchafu uingie ama usiingie, hayo ni maamuzi ya watu wa palepale, ya kiongozi wa kijiji, ya meya, ya mwenye kusaini parsele za ardhi.

Njo hapo matumbawe yanakuwa habari ya Bukavu.

Manake ukiuliza mkono wa karibu ulifanya nini huko visiwani utafikiri wanazungumza juu ya Nguba na Muhumba, mitaa yetu ya kando ya ziwa. Tanzania walisumbuka miaka mingi na baruti, mtu anarusha, samaki wachache wanaelea wengine wanazama bure, na mwamba uliojengwa miaka na miaka unakuwa kokoto kwa sekunde moja, na kokoto kazi yake ni kubingirika na mawimbi, hakuna mtoto wa tumbawe anaweza kushika pale. Kuna majuya ya kukokota chini yanabeba kila kitu mpaka watoto wa samaki. Komoro walichota mchanga wa pwani kujengea nyumba, Maldivi walivunja matumbawe yenyewe kujengea. Milima ikilimwa bila kinga mvua inashusha udongo, maji yanachafuka, jua halifiki chini na yule mpangaji hana kazi. Maji ya vyoo yanalisha majani. Plastiki inaning'inia kwenye matumbawe inawaletea magonjwa. Hakuna jambo moja kati ya hayo ambalo sisi hatuna hapa kwa ziwa, toa baruti tu, na silaha hapa si kitu kimekosekana.

Sasa nisikilizeni kidogo juu ya ziwa lenyewe, ju nadhani wengi wenu mnaliona kwa balkoni. Kivu ina kina cha mita 480 hivi, inaonekana kubwa, mtu anasema samaki hawawezi kuisha. Lakini ukishuka mita 60 hivi hakuna oksijeni, chini ni ile gesi ya metani na ile ingine inayoua pumzi, samaki hawezi kuishi kule. Kwa hiyo kila kiumbe tunachokula kinakaa kwa maji ya juu tu. Alafu kando yetu inaporomoka haraka, unatembea hatua chache maji yamekupita kichwa, kwa hiyo maji mafupi yenye mchanga na mawe, mahali samaki anaweza kutengeneza kitanda, ni mkanda mwembamba tu unaozunguka ziwa na kuzunguka Idjwi na visiwa vidogo. Mkanda ule njo hospitali ya kuzalia ya ziwa lote, na njo uleule tunaujenga, tunaujaza na tunaukokota.

Tilapia dume anachagua mchanga wa maji mafupi, anachimba shimo la mviringo kwa mdomo, analisafisha, anafukuza wengine. Jike anakuja anataga, alafu anayaokota mayai yote anayaweka kinywani mwake na kukaa nayo humo mpaka yaanguliwe, na hata yakishaanguliwa watoto wakiona hatari wanarudi mbio ndani ya mdomo wa mama. Sisi wauzaji tunajua wakati huo umefika, ju ukimshika jike kichwa umpasue mashavu, mayai yanamwagika kwa kisu, ya rangi ya mawese, mengine yameanza kuwa na macho. Wateja wengine wanafurahi eti wamepata nyongeza. Na sambaza, ambaye si mwenyeji, Wabeleji walimtoa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, mkubwa wake anaenda katikati lakini watoto wanakaa kando kando. Mkokote pale kaningini, ile nyavu ya macho madogo, ama chandarua cha mbu kilichotolewa bure cha kulalia, umebeba mwaka ujao wote kwa ndoo moja.

Najua mtasema tulishakataza. Kweli mlikataza. Watu wenye silaha wanakuja na boti, wanakamata nyavu, wanachoma mbili tatu mbele ya kamera, na zingine wiki inayofuata ziko tena kwa maji, mwenye nazo ameshalipa anachojua yeye. Na yule mliyemchomea, nyavu halali inamgharimu pesa ambayo hana, chandarua kiko nyumbani, watoto wanadai minervali ya shule. Mimi simtetei, ananiharibia kazi, lakini sijawahi kuona moto ukimpa mtu nyavu ingine.

Wenzetu wa Rwanda wanafunga uvuvi wa sambaza kama miezi miwili kila mwaka. Ziwa ni moja, samaki hana jeto ya kuvuka mpaka, anaenda anakotaka, kwa hiyo wao wakifunga sisi tukachota, tunachota akiba ya nyumba mbili. Kuna ABAKIR, ile ofisi ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi juu ya ziwa na mto Ruzizi, sijui ni mvuvi gani wa Birava ameshaisikia. Na hizi siasa za sasa hivi zinafanya hata kutaja mikutano ya namna hiyo iwe ngumu, naelewa, nasema tu kwamba sambaza haisomi komunike.

Chumbe ni kisiwa kidogo hapo karibu na mji wa Unguja. Toka miaka ya 1990 mwamba wake umefungwa, hakuna kuvua, na mahali hapo pamekuwa moja ya miamba mizuri kabisa ya Afrika Mashariki. Walinzi waliwekwa nani? Wavuvi wa vijiji vya jirani, wale wale waliokuwa wanavua pale, wakafundishwa, wakapewa mshahara, na kazi yao kubwa ni kuongea na wenzao wanaokuja na mitumbwi, kuwaeleza kwamba samaki wanaozaliwa ndani njo wanatoka kwenda nje. Mvuvi anamsikiliza mvuvi. Kule kusini magharibi mwa Madagascar, Andavadoaka, 2004 walijaribu kitu kidogo zaidi, wakafunga sehemu moja tu ya mwamba kwa miezi michache ju ya pweza, wakafungua wakakuta pweza wakubwa, vijiji vingine vikaiga vyenyewe bila kusukumwa. Hakukuwa na boti ya jeshi, kulikuwa na mkutano wa kijiji na tarehe ambayo kila mtu anaijua.

Hicho njo naomba. Ghuba. Mchague ghuba chache, mkianza hata na moja sitagombana, upande wa Idjwi ama Birava ama Kalehe, mahali wavuvi wenyewe watawaonyesha ndiko tilapia anatengeneza kitanda, na wanajua, msilete mtu wa kuja na ramani kutoka mbali. Mkae nao, muweke mipaka kwa vitu vinavyoonekana, mti huu, jiwe lile, maboya. Mfunge kabisa, si kwa msimu, na nje ya hapo mtu avue. Walinzi watoke kwa wavuvi, walipwe kila mwezi. Pesa msituambie hakuna, takse ya bichi tunalipa kila asubuhi kabla hata ya kuuza, karatasi tunapewa siku ingine tunanyimwa, mtuonyeshe tu inapoingilia.

Na mambo ya kujenga ndani ya maji. Ukipita na boti toka La Botte kwenda Nguba unaona kuta, kila mwaka zimesogea mbele, mtu anamwaga malori ya mawe na udongo, anangoja mvua moja, anajenga. Sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, haiuzwi, sasa kando ya maji hawa waliipata kwa nani? Makaratasi hayakuanguka toka mbinguni, kuna ofisi ilipiga muhuri. Simwombi mtu abomoe nyumba ambayo watu wanalala, naomba tu ukuta wa mwisho uwe ule uliokwisha simama, na mtu wa pili akija na lori la mawe akute mnasema hapana hata kama ni rafiki yenu, hasa kama ni rafiki yenu.

Takataka nisiziseme sana, kila mtu anazisema. Mvua ikinyesha komini ya Kadutu, mto Kawa unashusha udongo mwekundu na machupa na viatu na sashe, ile mifuko ya plastiki, mpaka ziwa, alafu maji yanasukuma vyote taratibu mpaka mlango wa Ruzizi, pale kwenye santrale ya umeme, vinaziba, wafanyakazi wanaingia kuchota kwa mikono na mashine, umeme unakatika, mji mzima unalaumu wa umeme. Wa umeme hawakutupa zile chupa. Dekreti ya kukataza sashe iko, ya tarehe 30 Desemba 2017, Rwanda walikataza zao toka 2008, lakini nendeni Kadutu leo muone, sashe zinauzwa kwa paketi mbele ya polisi, na sisi tunafungia wateja ju hakuna kingine cha bei ile sokoni. Mkitaka kushika, shikeni mwenye kontena, si mama mwenye paketi. Na muweke vizuizi vya kukamata taka kwenye mito kabla haijaingia ziwani, kule juu ambako bado ni kidogo, si kungoja mpaka zifike kwenye turbini.

Kwa nyie wa Kinshasa nina neno moja. Mnasema kwa mikutano ya dunia kwamba Kongo ni nchi ya suluhisho, ju ya misitu yetu, na ni kweli msitu wetu unashika kaboni ambayo ingepasha hizo bahari joto. Oktoba 2022 mlipokea dunia nzima Kinshasa kutayarisha mkutano wa hali ya hewa. Lakini Julai ya mwaka uleule mlikuwa mmeweka sokoni maeneo 30, 27 ya petroli na matatu ya gesi hapa Kivu. Gesi ya hapa mimi siipingi, Rwanda wanawashia nayo taa toka 2016, nasi tuko gizani tukiangalia taa zao ng'ambo, ikichimbwa kwa akili ni faida na inapunguza hatari ya chini. Petroli ya msituni njo sielewi. Mtu hawezi kuja Bukavu kutuambia tuwalilie matumbawe na huku anauza mafuta ya kuyapikia.

Mkinijibu kwamba mtaunda komisyoni, sawa, lakini muweke ndani yake mvuvi anayevua mpaka leo na mama anayeuza mpaka leo, msiweke prezida wa asosyasyo ambaye mara ya mwisho kushika kasia ni zamani. Kwa upande wetu tumeshaongea wauzaji wa bichi yetu, ghuba ya kwanza ikifungwa hatutanunua samaki aliyetoka humo, na tilapia mwenye mayai mdomoni atakataliwa kwa mizani, wenzetu wa bichi zingine tutawafuata wenyewe. Hiyo hatuombi pesa.

Tarehe ya kuja kuongea na wavuvi mpange nyie. Mkuje asubuhi mapema, saa kumi na mbili mitumbwi ikirudi, na muepuke siku za mwezi mkubwa, ju usiku wa mwezi sambaza hafuati taa, watu hawatoki, na mtakuta bichi tupu.

Mama muuza sambaza, Bukavu